Maua ya kwenye kisu cha marehemu

Shoga, unakumbuka jirani aliniuliza, "Hicho kisu cha marehemu unavyokisugua, unataka kiwe kioo?" Nikamjibu kwa maringo kwamba mali ya mume wangu haitaota kutu mimi nikiwa hai.

Leo yamenitokea puani.

Kaja shemeji yangu, yule sonara aliyepofuka. Akaomba akishike. Nikampa kisu kimekunjwa vizuri ndani ya mpini wake, kinang'aa, nangoja sifa!

Akapitisha kidole gumba kwenye vile vyuma vya ncha za mpini. Akarudia. Akarudia tena.

"Shemeji, maua yangu yako wapi?"

Maua gani, nikasema.

"Kisu kilikuwa cha babu yetu. Maua nilichonga mimi, zawadi yangu kwa kaka alipokuoa. Kazi zangu sizioni tena, nikasema walau hii niiguse."

Mungu nisamehe! Ile michoro myeusi! Nimeisugua kwa mchanga na majivu miaka yote, huku namwombea marehemu!

Nikasema, "Nilidhani ni uchafu, shemeji."

"Uchafu?"

Uchafu, shoga! Nimemwambia uchafu!

Akanirudishia kisu mkononi, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatoka.