Makande ya Uchaguzi

Mdogo wangu Heri,

Huku Kabungu hatujambo. Mvua imetukubali, na mama anakusalimu kwa sauti mpaka majirani wameitikia. Dada yako ndiye mwenyekiti mpya wa chama cha wafuga nyuki.

Mashine ya kura ya kampuni yenu ilifika. Mafuta ya jenereta na gesti ya fundi vimekula asali yetu ya msimu mzima. Tulibonyeza, ikasema nimemshinda Mzee Machibya. Mzee akauliza, "Nikitaka kura zihesabiwe upya, nahesabu nini?" Fundi akabonyeza tena, ikatoa jibu lilelile. Watu walicheka, ila Mzee hakucheka, na mimi nikaagiza kibuyu kiletwe.

Basi tukarudia kwa desturi yetu: anayenitaka mimi anatumbukiza harage kibuyuni, anayemtaka Mzee anatumbukiza punje ya hindi. Unakumbuka, makande ya uchaguzi hayainjikwi mpaka aliyeshindwa atie kura chunguni kwa mkono wake. Mzee alizihesabu mwenyewe kwenye ungo, zikawa sawa na za mashine. Akatabasamu, akazimimina. Alikula kuliko mimi, na tukacheza mpaka mama akavua viatu.

Najua bosi wako anaisubiri barua hii aipeleke serikalini, mpate kazi ya uchaguzi mkuu. Mwambie mashine ilihesabu sawasawa. Mwambie pia kwamba hilo tumelijua kwa ungo wa kuazima.

Ni mimi dada yako, bado nimeshiba,
Generosa