Meza Isiyotikisika ya Baba Gitau

Mwaka umezunguka tangu ututoke, Septemba 1997, Baba Gitau, Mwaura wetu, na kuna uvumi ambao Mama Gitau ameshindwa kuutoa kichwani. Kwenye matanga watu walinong'ona kwamba ile mashine yako ya kujazia upya maganda ya risasi ndiyo iliyokuua, kwamba baruti ilikulipukia besmenti, huku Wheaton, Marekani. Sisi tunajua ni moyo, hospitalini, ukiuliza kama chai ipo. Lakini mama ni mama. Usingizi ulimpaa, maana mwanao Gitau alikuwa ameshaichukua mashine hiyo.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka lindoni Arlington, ukivua yunifomu na kushuka besmenti kwenye maganda yako ya shaba, ya risasi zilizokwisha kupigwa, huku unaimba bezi. Jumamosi ulienda kulenga shabaha na jirani yetu Kwabena. Ulikuwa mtu wa kukaza. Viti vya kanisa vikilegea ulivikaza, na hakuna aliyekutuma.

Siku ya kwanza ya mashine hiyo bado inatuchekesha. Uliibana mashine kwenye meza ya jikoni kwa vibanio, kama ile ya kusagia nyama. Ukavuta mkono wake, meza ikainua miguu ya nyuma, sufuria ya sukuma ikakuangukia mapajani. Kesho yake ukanunua mbao nene, ukaunda meza, ukaifunga ukutani, ukatoboa ubao na kupitisha boliti mpaka chini, pamoja na washa pana, vile vipete vya chuma, na nati. Kisha ukamwita mama.

"Vuta, Mama Gitau. Vuta kama una hasira na mimi."

Alivuta mpaka akaning'inia. Haikusogea.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu mama alikwenda chuoni College Park, kwenye chumba cha Gitau, akakuta mashine imebanwa kwenye meza ya kusomea. Kwa vibanio. Damu yako hiyo. Hakugomba. Alivuta mkono, meza ikainuka na vitabu vyake. Gitau akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba itatosha.

"Baba yako alisema meza ikicheza, kipimo cha baruti kinadanganya," mama akamwambia. "Irudi nyumbani, ama naitupa."

Ilirudi Jumapili hiyo. Kwabena alishika tochi, Gitau akakaza boliti kwenye matundu yako yaleyale, mama akaning'inia tena, tukacheka hadi machozi. Siku hizi analala.

Mwenye mashine kama hii, mama anamwomba aepuke:
Vibanio.
Skrubu za mbao peke yake.
Meza ya kulia chakula, na yoyote yenye magurudumu.
Kuifunga katikati ya ubao, mbali na mguu wa meza.
Sigara, na mazungumzo wakati wa kupima baruti.
Kumwambia mama aache wasiwasi.

Ni sisi: mkeo Edah, mwanao Gitau, binti yako Wairimu, dada yako Serah wa Nakuru, na Kwabena, ambaye sasa ni wa nyumbani. Hatujakusahau, wala hatuna mpango huo.