Ndoo Niliyoitia Sukari Mara Mbili

Dada yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na baba kifua chake kimepoa? Mpunga umeshaanza kuinama, au bado mnashinda madunguni mkifukuza ndege? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haikai. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kwenda kuchungulia dirishani bila sababu.

Dada, niliwaambia nafanya kazi kiwanda cha soda. Niliongopa. Niko nyumbani kwa mzungu mmoja hapa Arusha, mwalimu, anayepika bia yake mwenyewe stoo. Mimi ndiye mjaza chupa. Pombe ikishachachuka kwenye ndoo, tunachemsha sukari kidogo na maji, tunaitia na kukoroga, kisha tunajaza chupa na kuziba. Sukari hiyo ndiyo inayoleta povu. Ikizidi, chupa hupasuka.

Siku hiyo zilikuwapo ndoo mbili. Nikatia sukari ndoo moja, nikaitwa getini kupokea kuni. Kurudi, sikumbuki ni ipi. Mzungu alishanifundisha: ukisahau, onja, yenye sukari utaijua. Sasa mimi nionje pombe, mtoto wa Mzee Bakari? Nikabahatisha, nikatia, nikaziba, nikanyamaza. Kumbe nimeirudia ileile.

Jumamosi chupa zikaanza kupasuka mfululizo, kama bisi. Mama Neema, mpishi wetu, alikuwa stoo anachota unga. Kigae kikamchana mkono hadi akashonwa. Mama huyu, Dada, tangu nifike ananipikia kwenye sufuria yangu peke yangu, isiyoingia nguruwe. Mzungu akamlaumu yeye, eti amesogeza kreti la chupa karibu na jiko, joto ndilo limepasua. Akamwambia mwezi ukiisha aondoke.

Mama Neema akanigeukia. "Saidi, si ulikuwepo? Mwambie basi kama nimezigusa."

Nikasema sikuona. Tangu hapo yeye bado ananipakulia kwa mkono uliofungwa bandeji. Aibu niliyoiona siwezi kukuandikia.

Leo asubuhi nimemwendea mzungu nikamwambia yote. Akauliza, "Kwa nini hukuonja?"

"Dini yangu hainiruhusu."

"Kuitengeneza inakuruhusu?"

Kisha akaamua: Mama Neema anabaki. Mimi mwisho Ijumaa. Nimeshafunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena.

Nisalimie shemeji, mwambie nawaza mitumbwi yake ya Mbwera. Mama mdogo wa Mkongo naye nisalimie, na wanao wote uwabusu.

Baba msomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kunionea huruma. Kisha muulize kama nirudi nyumbani. Jibu liache kwa mwenye duka pale Kibiti, dereva mmoja wa lori anayekuja huku Arusha atanifikishia popote nitakapokuwa. Akisema nisirudi, andika hivyohivyo alivyosema.

Mdogo wako,
Saidi