Waya Mwembamba wa Baba Zuhura

Baba Zuhura,

Asalaam aleikum, wewe uliyetutangulia. Mimi mkeo nipo. Magoti yaniuma, meno yamebaki mawili matatu, tambuu naitwanga kwanza kwenye kinu kidogo ndiyo nile. Hayo ulikuwa wayajua. Usiyoyajua ndiyo nataka kukwambia.

Anayeandika ni Salimu, mkwe wako. Kalamu kwangu mimi ni kijiti tu, wanijua. Yeye kakaa ukumbini, mimi niko huku chumbani, pazia liko kati yetu. Mimi nasema, yeye aandika kwa hati zake za Kiarabu. Nimemwambia asiruke neno, hata yatakayomkera. Maana yapo.

Kwanza la furaha. Zuhura kajifungua, mtoto mwanamume, na jina kapewa lako. Kwa hivyo nyumbani nina mume mwengine sasa, hana jino, na kama wewe vile vile, halali mpaka abembelezwe. Halima jirani yetu asema kakuchukua masikio. Mimi naona kakuchukua hasira.

Sasa sikiza habari ya panka.

Siku ulipolileta hilo panka la dari, kutoka nyumba ile ya Kizingo, Mzungu wake alipokuwa akihama, mtaa mzima ulikucheka. Wakasema, Baba Zuhura kavutia watu waya za stima maisha yake yote, sasa kajiletea upepo wa kununua, na upepo wa Mungu waingia dirishani bure. Mimi nilicheka nao. Lilipozunguka mara ya kwanza nikatoka mbio, nikajua lanishukia kichwani. Ukanirudisha, ukanilaza chini yake kama mgonjwa. Tangu siku hiyo sijapenda kulala pengine.

Ukanifundisha na kuzima stima yote, kule kwenye daka la mlangoni, kwenye kile kisanduku chake. "Vaa mitawanda kwanza," ulisema. "Mikavu, si ile iliyotoka chooni sasa hivi. Na mkono pia uwe mkavu." Mimi nikawaza, mtu gani huyu avaa viatu vya mti vya chooni kwenda kuzima taa. Lakini nilishika.

Na kila Shaabani, nyumba ikitaka kupakwa chokaa kwa ajili ya Ramadhani, wewe huzima kila kitu. Kisha wafunga swichi kwa vitambaa, na vile vikombe vya kaure ukutani, pale waya zinapoungana, wavivika kama watoto waliotoka kutahiriwa. Hapana kuwasha mpaka ukuta ukauke. Sisi twalalamika joto, wewe hata husikii.

Mwaka huu Shaabani imekuja wewe hupo.

Salimu, andika tu. Sikulia.

Basi Halima na wenziwe walikuja na ndoo zao na mafagio, wakaimba, wakapaka. Wakamaliza ukumbi, wakaingia na chumba cha mzazi, tukamsogeza Zuhura pembeni na mwanawe. Chokaa ilirushwa mpaka kwenye boriti. Vitambaa hakuna aliyevikumbuka, stima hakuna aliyeizima. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumkanda mzazi, na hao wanawake, wewe wawajua, wakishika fagio huwasimamishi.

Jioni ile panka likanguruma, likasimama. Fyuzi imekatika.

Halima akafurahi, ati mzazi asipigwe na upepo, utamwingia mifupani. Nikamwambia Zuhura yumo ndani ya chandalua, upepo wapita juu. Na chumba chenyewe wewe wakijua. Arubaini ya uzazi haijesha, seredani ya makaa iko chini ya kitanda, madirisha tumeyaziba nguo nyeusi kwa hii vita yao Wazungu, mwangaza usionekane nje. Bila ya panka ni tanuri ile. Mtoto alitoka vipele shingo nzima, akalia mpaka sauti ikapotea.

Salimu akaweka waya mwengine mwembamba kwenye fyuzi. Ukakatika. Akaweka tena, ukakatika. Akatoka kwenda madukani, kote haupo. Akarudi na kipande cha waya wa shaba, mnene kama sindano ya kushonea magunia, akautia huo. Panka likazunguka. Mtoto akalala. Salimu akapita ukumbini kifua mbele kama bwana harusi, nami namsikia amwambia Zuhura mlangoni, "Hii haitakatika tena."

Neno hilo lilinichoma. Kwani wewe ulikuwa ukisema kila siku, mpaka tukawa twakuigiza, "Waya huu nauweka mwembamba ili ufe wenyewe, nyumba isife."

Lakini nitamwambiaje? Mtu na mkwewe. Tangu aoe hapa kwetu, Salimu hajanitazama usoni, nami sijamtuma hata maji. Akitaka neno amwambia Zuhura, nami nikitaka neno namwambia Zuhura. Na Zuhura ni mzazi, hatiwi wasiwasi. Basi nikanyamaza. Nikasema labda Salimu ajua, mimi mwanamke mzee najua nini stima.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nikasikia harufu. Kama mpira wa baiskeli umeangukia jikoni kwenye makaa. Nikaenda jikoni, hamna kitu. Nikaingia kwa Zuhura, wamelala yeye na mtoto. Nikatazama juu, chokaa mpya, nyeupe, pale penye kikombe cha kaure imegeuka rangi ya chai. Nikaweka kiganja ukutani chini yake. Baba Zuhura, ukuta ulikuwa wa moto kama kikaango.

Magoti haya unayoyajua yalikwenda mbio siku ile. Mitawanda mikavu ilikuwa nyuma ya mlango, nikaivaa, nikafuta mkono kwa leso, ko ko ko mpaka kwenye daka, nikaizima stima yote. Panka likasimama. Mtoto akaamka, akalia, nikenda nikamtwaa, nikarudi naye daka.

Salimu akaja mbio kutoka dukani kwake, kasikia kilio. Akaona kisanduku kimezimwa, akanyoosha mkono kuwasha. Mimi nimesimama pale pale kwenye daka na mtoto begani. Zuhura kalala, wa kumtuma hapana. Basi nikamwambia mtoto.

Nikasema, "Mume wangu, si uliniambia waya ufe, nyumba isife? Sasa yuko mtu kaweka waya usiokufa. Mwambie akashike ukuta."

Salimu akainamisha kichwa, naye akamjibu mtoto. "Mwambie bibi'ako, waya mwembamba hakuna mjini. Vita hii. Ningeupata wapi?"

"Mwambie babako, babu'ako kauacha waya huo, kasha langu limejaa. Hakuniuliza."

"Mwambie, nilimwonea haya."

Na mume wangu mdogo, mimi na baba yake twamsukuma kama posta, yeye akatujibu kwa kunikojolea kanzu nzima.

Salimu akaingia, akashika ukuta. Akatoka hana rangi. Akakaa chini, pale pale kizingitini, hata kofia ikamwanguka.

Tukamwita yule mwenzio mliyekuwa mkivuta waya pamoja. Akafungua kile kikombe, ndani mna maji ya chokaa yameganda kama uji, na mpira wa waya umeyeyuka hata shaba yaonekana. Akasema fyuzi zile tatu za kwanza zilikuwa zikipiga kelele, na ya nne ndiyo iliyozibwa mdomo. Bado kidogo boriti zingeshika, na boriti zetu ni kavu tangu enzi za babu zako. Akabadilisha waya, akaukausha ukuta kwa seredani, akatia fyuzi kutoka kasha langu. Panka ni zima. Yazunguka vizuri mabawa yake, mtoto vipele vimekauka.

Ungedhani yamekwisha. Hayakwisha, ndiyo maana nakuandikia.

Salimu tangu siku hiyo hali chakula cha kueleweka. Apita ukutani kama mgeni. Zuhura kaniambia jana, mumewe ataka arubaini ikitoka awachukue, wakapange chumba mtaa wa Tudor, maana hapa keshaaibika, nyumba ya watu alitaka kuiunguza. Baba Zuhura, nyumba hii wakiondoka, mimi nitakaa na panka tu.

Nami uso kwa uso sikuweza kumwambia. Basi nakwambia wewe, na yeye yuaandika, haya yatamfika kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wake alikuwa akilia, dukani hakuna waya, alifanya alivyoweza. Mwenye waya nilikuwa mimi. Kati yetu mlikuwa na pazia tu. Hiyo haya ni jambo jema, tumelelewa nayo, lakini safari hii ilikaribia kutuunguza.

Salimu, mbona kalamu haina sauti? Andika, babangu.

Dua yako yakufikia kila usiku wa Ijumaa, na kisomo cha mwaka tutakisoma ukumbi huu huu, inshallah. Mungu akulaze pema. Na ahadi yangu ni hii: Shaabani ijayo, kabla Halima hajashika fagio lake, stima itazimwa, vikombe vyote vitavikwa, na waya mnene hautaingia nyumba hii ningali hai. Na jambo likiwapo, nitamwambia Salimu mimi, kwa kinywa changu, si kwa mtoto. Yeye naye aniulize.

Barua hii nitaiweka ndani ya kasha. Kwenye kisanduku cha fyuzi siiweki, najua ungegomba, karatasi na stima havikai pamoja.

Nakuaga, Baba Zuhura. Pumzika.

Salimu, ukifika hapo tua kalamu. Waya wa baba yako, ule mwembamba wa kasha, nimeushika huku nyuma ya pazia. Nyoosha mkono upokee, kaa nao wewe.