Ulijibu Salama Mpaka Tukakuzika

Mwanao amemliza nduguyo Athumani, na mimi nimefurahi!

Sasa ndiyo nikusalimu, Baba Rukia. Mungu akulaze pema. Lakini usidhani nakuandikia kwa upole, maana hasira zangu hazijaisha tangu tukuzike.

Rukia sasa ni nesi. Avaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi mpaka yataka kusimama yenyewe, na akishuka asubuhi kwenda feri, mtaa wetu mzima wa Bofu wageuka kumtazama. Nasema bila haya, Likoni yote hakuna binti kama huyo, na nimemzaa mimi. Amewekwa kwa wagonjwa wa sukari. Achemsha mikojo yao, atazama rangi ajue sukari imepanda vipi, awadunga sindano. Halafu, na hili hakuna aliyemtuma, huvuta kiti akawauliza kama walala, kama chakula kina ladha, kama wana hofu, kama kesho waitamani. Daktari akamkemea. Akamwambia kazi yake ni mikojo, habari za moyo watu wakaambiane kwao. Mjinga yule na masomo yake yote! Rukia akaitikia kwa heshima, na kesho yake akauliza vile vile.

Ajua kwa nini. Wewe daktari alikuuliza hujambo, ukajibu sijambo. Imamu akauliza, ukajibu salama. Mimi mkeo, niliyekuchemshia sindano kila alfajiri, nikakuuliza, ukasema alhamdulillahi ukageukia ukutani. Adabu gani hiyo? Ukaacha baraza, ukaacha kunyoa, mwisho ukaacha na sindano. Dada zako wakasema ni jini, wakaleta ubani. Majirani wakasema uvivu. Uvivu, wewe, uliyebeba magunia bandarini mpaka bega likapinda... Hata kuandika nashindwa.

Basi Athumani naye ana sukari ile ile. Aliacha sindano, akajifungia chumbani kwake Magongo, na nje wenzake wabishana habari za Uhuru wala hatoki. Juzi Rukia akanichukua tukaenda. Akamwamkia, akaketi mkekani karibu naye.

"Ami, usiku walala?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Hiyo ni ya Mungu, ami. Na mimi nipe yangu."

Athumani akautazama ukuta, nikaona bora twende zetu. Kisha akasema, "Naogopa kula, naogopa kutokula. Nimechoka kuamka mgonjwa kila siku."

Akalia, mtu mzima yule. Rukia akamshika mkono, wala hakumwambia ajikaze. Alipotulia, Rukia akamwomba ruhusa amdunge sindano, na Athumani mwenyewe akakunja mkono wa kanzu.

Mbona wewe hukulia, Baba Rukia? Ningekushika. Wallahi ningekushika mpaka asubuhi.

Lala, mume wangu. Kukusamehe nitakusamehe, lakini si leo. Nakuahidi Athumani hatafia ukutani. Nimemwambia ahamie kwangu, chumba cha uani nimekwisha kukipaka chokaa, na kumuuliza nitamuuliza hata anichukie. Dada zako nao nimewaita, waje wasikie kwa Rukia kilichokuwa kinakula moyo wako, wewe kaka yao, na wakinuna wanune. Athumani aja na mizigo yake, na wao waja, na imamu pia, wote Ijumaa hii baada ya alasiri.