Kitenge Juu ya Bwawa

Mama mpenzi,

Natumaini mguu wako umepona na unakwenda shamba bila fimbo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechoka, na anayeuchosha ni Tantine, dada yake Baba, anayenilaza na kunilisha hapa Kashikishi, kando ya ziwa.

Unajua kazi niliyopata baada ya shule ni kutunza spirulina, majani membamba ya maji ambayo kliniki inatia katika uji wa watoto waliokonda. Yanakua kwenye bwawa dogo la saruji nyuma ya nyumba ya Tantine. Mkubwa wangu wa kazi, Ba Mulenga, alinifundisha: jua likizidi, hasa asubuhi maji yakiwa bado baridi, majani hutoa hewa nyingi kuliko yanavyoweza kuvumilia, na hewa hiyo hiyo inayaunguza kwa ndani. Kijani kinapotea, inabaki njano. Kwa hiyo nafunika kwa wavu, nakoroga hewa itoke.

Nafunika, Tantine anafunua. Anautaka wavu aanikie chisense, dagaa wa hapa. Kwa wanawake wa ufukwe huu, kitu kilicho kivulini ni kitu kinachooza.

"Mutoto, unaficha majani sawa bibi-arusi," anasema mbele ya jirani zake. "Jua iko bure. Acha majani ikule."

Wanacheka. Mimi naangalia miguu yangu. Nitambishiaje mtu ninayekula ugali wake?

Basi bwawa likawa njano. Ba Mulenga alichota kidogo, akanusa. "Haiyaoza. Lakini Jumapili nikikuta hivi, namwaga."

Mbegu nyingine hatuna. Akimwaga, narudi nyumbani mikono mitupu.

Niliomba wavu, lakini kwa sauti ndogo hata kuku hawakugeuka. Ndipo nikatandaza juu ya bwawa kitenge ulichoninunulia cha kanisani.

"Jumapili utavaa nini?" Tantine akauliza.

"Sitaenda, Tantine. Nitabaki nikoroge."

"Bamama ba kanisa watasema nakufunga humu."

Nikaendelea kukoroga. Jumamosi alirudisha wavu, unanuka samaki. Sasa anakoroga kwa mwiko wake na kuniamrisha kana kwamba alianza yeye. Misa nilienda nimevaa kitenge chake, nacho kinanuka samaki.

Baada ya misa Ba Mulenga aliinama juu ya bwawa muda mrefu. Pembeni palikuwa na kijani. Hakumwaga.

Nisalimie Kambo, bibi yangu, aniombee, na mjomba fundi wa baiskeli.

Kitenge chako kimepauka katikati, Mama. Usinikasirikie. Jua lililokipausha lingeingia majini.

Binti yako,
Rejina