Mita Mia Saba na Sitini

Jumatatu, 7 Aprili. Kitale

Ng'ombe wanne tena, wale wale wa jirani. Nimewatoa saa kumi na mbili na nusu. Nyasi bado fupi, sitaita trekta wiki hii. Upepo mdogo kutoka upande wa Mlima Elgon.

Ndege ndogo imetua saa tatu. Nimebonyeza saa ya simu magurudumu yalipogusa chini, nikabonyeza tena iliposimama. Sekunde kumi na saba. Halafu nikafuata alama za magurudumu na tepu. Mita mia mbili na tisini. Uwanja mkavu.

Hakuna aliyenituma kupima. Hii ni mara ya kumi na moja. Nina miaka sita kwenye uwanja huu wa shamba la mbegu. Kwa karatasi, kazi yangu ni kukata nyasi, kutazama mfuko wa kuonyesha upepo na kuweka mifugo mbali. Lakini nilipata A ya fizikia kule Bungoma, na haikutoka kichwani eti kwa sababu nimevaa gambuti.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ndege ndogo imekuja hivyo hivyo. Sekunde thelathini. Mita mia tano na kumi.

Rubani alinicheka nikipima kwenye matope. Nimemwacha acheke. Aligusa chini kwa mwendo ule ule wa Jumatatu, mita thelathini na nne kwa sekunde. Kilichobadilika ni breki. Nyasi zikiwa kavu, kila sekunde ndege inapoteza mita mbili za mwendo wake. Zikilowa, mita moja na kidogo tu.

Nimelowa mpaka ndani. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Simiyu, meneja, amekuja na karatasi. Mwenye shamba, Mama Chemutai, anakuja kutoka Nairobi Jumamosi ya tarehe ishirini na sita na wageni wa kufungua ghala jipya. Watakuja na ndege ya injini mbili. Watu kumi na wanane.

Karatasi inatoka kwa wenye ndege. Wanauliza urefu wa uwanja, na mtunzaji asaini. Mtunzaji ni mimi. Bwana Simiyu alikuwa ameshajaza. Mita mia tisa.

Si mia tisa. Ilikuwa mia tisa. Mwaka jana yeye mwenyewe alilima ule mwisho wa uwanja, akapanda mahindi ya majaribio na kuweka ua. Nilimwambia wakati huo. Akasema ndege yetu ni ndogo, uwanja unabaki. Kwa ile ndogo alikuwa sawa.

Nimesema nitapima kwanza. Ameniachia karatasi mpaka Jumatano.

Jumanne, 15 Aprili

Tepu yangu ni ya mita hamsini. Imeingia mara kumi na tano, ikabaki mita kumi kufika kwenye ua. Mia saba na sitini.

Sasa hesabu. Karatasi inasema ndege hiyo inagusa chini kwa mita arobaini na tano kila sekunde. Lakini hiyo ni ya uwanja ulio karibu na bahari. Kitale tuko juu, hewa ni nyepesi, na ili hewa nyepesi ibebe mzigo ule ule lazima ndege ikimbie zaidi. Kama sehemu moja kwa kumi. Kwa hivyo hamsini.

Umbali wa kubingirika unafuata mwendo uliozidishwa kwa mwendo. Hamsini mara hamsini, gawa kwa breki mara mbili. Nyasi kavu, mita mia sita ishirini na tano. Nyasi zilizolowa, elfu moja mia moja.

Na hakuna rubani anayegusa kwenye nyasi ya kwanza kabisa. Ongeza mia. Siku kavu inabaki mita thelathini na tano, yaani hakuna kitu. Siku ya mvua ndege inavunja ua, inapita mahindi, inapita mtaro, inaingia barabara ya kwenda mji wa Kwanza pale Nekesa na wenzake wanapouza avokado.

Nimefanya hesabu mara tatu. Mara ya tatu niliomba nipate makosa. Sikupata.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefutwa kazi.

Alisema, "Saini hapo, Zuhura, nina haraka."

Nikasema, "Hapa si mia tisa. Ni mia saba na sitini, na mvua imeanza."

"Wewe ni wa kufukuza ng'ombe, bana. Nani alikuuliza hesabu?"

"Hakuna."

Nikachukua kalamu, nikakata ile mia tisa yake, nikaandika 760 kubwa, nikasaini. Akaichana karatasi mbele yangu. Akaomba funguo. Nikampa.

Hajui niliipiga picha jana. Chini kabisa kuna simu ya rubani.

Sina aibu. Nina hasira, na ndani ya hasira kuna kitu kama raha.

Alhamisi, 17 Aprili. Bungoma

Kwa Mama, nyuma ya msikiti. Alikuwa kwenye cherehani, anashona kanzu. Nimemweleza yote. Alisikiliza bila kuinua mguu kwenye kanyagio.

Akasema, "Rudi ukamwombe msamaha."

"Kwa kosa gani, Mama?"

"La kumjibu mkubwa."

Mama amelea watoto wanne kwa cherehani hiyo. Hajawahi kugombana na mkubwa kwa sababu hajawahi kuwa naye. Sikumwambia hivyo. Nimekula, nikaosha vyombo. Siombi msamaha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Majirani Wakristo wameenda kanisani, mtaa kimya. Nimetoka Dhuhuri, nikapiga ile simu.

Rubani ni mwanamke. Kapteni Njeri. Sauti kavu. Nikamwambia mimi nilikuwa mtunzaji wa uwanja wa Kitale, na ile karatasi atakayoletewa ina urefu wa uongo. Nikamsomea hesabu.

Akasema, "Propela zangu zinavuta nyuma. Sitegemei breki peke yake."

Hilo nilikuwa nimelifikiria. "Toa robo nzima kwa sababu ya propela. Siku ya mvua unabaki na mia nane thelathini, na ile mia ya mwanzo. Bado unapita ua."

Akauliza, "Hizo nambari za breki umezitoa wapi?"

"Chini. Kwa tepu."

Akasema asante, akakata. Labda amenidharau. Anidharau. Nambari amezisikia.

Jumanne, 22 Aprili. Kitale

Amekuja. Alinipigia asubuhi, ameshafika Eldoret, anataka kuuona uwanja kwa macho. Nimepitia Kimilili, nikamkuta kwenye geti, mama mfupi wa miaka hamsini hivi, viatu vya ngozi.

Mlinzi alimwona na sare yake, akafungua. Tukaanza kupima. Yeye alishika mwanzo wa tepu, mimi mwisho. Tulikuwa mita mia nne Bwana Simiyu alipofika anakimbia.

"Kapteni, huyu si mfanyakazi wetu."

Kapteni Njeri hakuinua kichwa. "Lakini tepu ni yake."

Tukaendelea. Mia saba na sitini. Alichimba kisigino kwenye nyasi, kikatoka na udongo mweusi. Alisimama kwenye ua, akatazama mahindi, mtaro, barabara, mwavuli wa Nekesa. Bwana Simiyu alieleza kwamba mwisho wa wiki kutakuwa na jua.

Kapteni akaniaga kwa mkono. Hakusema atafanya nini. Sijui atafanya nini.

Alhamisi, 24 Aprili. Bungoma

Mvua hapa. Mvua Kitale pia, Nekesa ameniambia kwa simu. Nimefurahi kama mkulima.

Halafu nikajiona vibaya. Nafurahia mvua ili niwe sawa.

Jumamosi, 26 Aprili. Kitale

Jua.

Tangu jana asubuhi hakuna wingu. Nimekuja mwenyewe, nikasimama barabarani na akina Nekesa. Saa nne, saa ambayo ndege ilitarajiwa, mbingu kimya. Saa tano kimya. Ilikuwa imetua Eldoret. Wageni wameletwa kwa magari manne kupitia Moi's Bridge, wamefika saa saba kasoro. Wachezaji wa ngoma wamechomwa na jua. Chakula kimepoa.

Bwana Simiyu aliwaambia watu kwenye geti, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba msichana wa kukata nyasi alimtisha rubani. Wakacheka. Mimi nina miaka thelathini na minne.

Hata Nekesa. "Zuhura, si ungeacha tu ikuje? Uwanja umekauka kama sima ya jana. Na ulisema ati itafika mpaka kwa balabala."

Nikamwambia nilisema ikinyesha. Akasema, "Haya," kama mtu anayemwambia mtoto haya.

Kwenye nyasi kavu ingebaki mita thelathini na tano. Najua. Na juzi ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyekuwa na ahadi ya jua mkononi. Sitaomba msamaha kwa sababu jua limewaka.

Jumapili, 27 Aprili. Bungoma

Habari imefika kabla yangu. Mama ameuliza, "Ati hata mvua haikunyesha?"

Haikunyesha.

Ukifunga mlango na mwizi asije, kufunga hakukuwa ujinga. Nimemwambia hivyo. Akasema mlango wangu umenigharimu kazi. Ni kweli.

Nimelia nikifua. Kisha nikamaliza kufua.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepeleka barua shule mbili, wanahitaji mtu wa maabara. Ya kwanza hawakuisoma. Ya pili wameuliza kwa nini niliacha kazi. Nikasema niliandika urefu wa uwanja. Wakatazamana.

Nitasema hivyo hivyo shule ya tatu.

Ijumaa, 2 Mei

Mama Chemutai amenipigia simu. Mwenye shamba mwenyewe. Sikuwahi kuongea naye miaka sita yote. Nilisimama bila kujua nimesimama.

Alikuwa kwenye ile ndege. Kapteni alimwambia kabla hawajaondoka Nairobi kwa nini wanaenda Eldoret. Yeye alikasirika, akasema uwanja wake ni mita mia tisa, imeandikwa. Jumamosi jioni, wageni walipoondoka, alitembea mpaka mwisho wa uwanja peke yake.

"Yale mahindi," akasema. "Nani aliyapanda?"

Nimemwambia. Sikuongeza, sikupunguza.

"Na kwa nini kitabu cha uwanja bado kinasema mia tisa?"

"Kitabu anakaa nacho meneja, Mama. Niliomba kibadilishwe mwaka jana."

Halafu akasema nirudi kazini Jumatatu.

Nikasema, "Nitarudi kitabu kikirekebishwa kwanza."

"Unaniwekea masharti?"

"Ndiyo, Mama. Nikirudi na kitabu kinasema mia tisa, rubani mwingine atakisoma."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Sawa. Jumatatu."

Mama yangu alikuwa mlangoni na sindano mdomoni. Amesikia yote. Jioni amenipa paja la kuku.

Jumatatu, 5 Mei. Kitale

Bwana Simiyu bado ni meneja. Niliwaza nitamkuta ameenda. Hapana. Watu kama yeye hawaendi haraka.

Alikuwa amefungua kitabu mezani. Akakata mia tisa, akaandika 760 mbele yangu, akabonyeza kalamu mpaka ukurasa wa chini ukapata alama. Akasaini. Akasukuma funguo bila kunitazama.

Hakusema pole. Sikuingoja.

"Nyasi zimekuwa ndefu," akasema.

"Nimeziona."

Mahindi yataachwa mpaka yavunwe. Kisha ua utatolewa, udongo ushindiliwe. Mpaka hapo, mwisho ni hapo kwenye ua, na nimepaka mawe chokaa, safu nzima, ili aliye juu aone. Nekesa aliona nikibeba mawe, akaacha avokado zake na mwenzake, akaja kubeba. Hatukuongea juu ya Jumamosi ile. Alibeba yale makubwa.

Jumapili, 18 Mei

Hakuna ndege leo. Mama amekuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa. Ameleta biriani kwenye hotipoti na kanga ya kukalia.

Alitaka kuona uwanja. Nikamwambia ni nyasi tu. Akasema ameshona miaka mingi akiambiwa binti yake anafanya kazi uwanja wa ndege, leo atautembea wote. Akavua viatu. Tukaenda polepole, mimi nimebeba hotipoti. Hakuuliza habari za breki wala mwendo. Aliuliza kama kuna nyoka.

Katikati alichoka. Tukatandika kanga hapo hapo, tukakaa. Jua la alasiri, upepo kidogo, udongo bado una ubaridi chini.

Alitazama nyuma tulikotoka, akatazama mbele.

"Kumbe ni mrefu hivi," akasema.

"Si mrefu, Mama."

"Kwa miguu yangu ni mrefu."

Nikampakulia. Tumekula. Alipomaliza alilala kidogo pale kwenye nyasi, mkono juu ya macho, na mimi nikakaa upande wa jua nimfanyie kivuli.